Risasi au vidole: jibu kuhusu Rais Garfield

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani sote wazima. Umeniuliza kama Rais James Garfield wa Marekani aliuawa na risasi au na madaktari wake. Wewe unayesomea uuguzi una haki ya kupata jibu kamili.

Garfield aliapishwa tarehe 4 Machi 1881. Tarehe 2 Julai, katika kituo cha treni mjini Washington, Charles Guiteau alimfyatulia risasi mbili kwa sababu alikuwa ameomba ukonseli wa Paris, yaani kazi ya kuiwakilisha Marekani huko, na akaukosa. Risasi moja ilimparuza mkono tu. Nyingine iliingia mgongoni kulia, ikavunja mbavu, ikatoboa pingili ya kwanza ya uti wa mgongo kiunoni bila kugusa neva zilizomo ndani, ikaenda kutulia upande wa kushoto karibu na kongosho. Moyo, ini na mapafu vilibaki salama. Wanajeshi wengi waliotoka kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe waliishi hadi uzeeni na risasi mwilini.

Balaa lilianzia pale pale kituoni. Garfield akiwa bado amelala sakafuni, daktari alimtia kidole kwenye tundu la risasi. Akaja Dkt. D. Willard Bliss, naye akaingiza vyuma na vidole, na hakuna aliyenawa. Usidhani elimu haikuwepo. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alikwenda Philadelphia mwaka 1876 kuwaeleza madaktari wa huko namna ya kusafisha vidonda, mikono na vyombo kwa asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu. Wengi wao hawakukubali kwamba vijidudu wasivyoviona vinaweza kuua.

Bliss alishika kwamba risasi iko kulia. Usaha ukajichimbia mfereji kuelekea kinena cha kulia, na wao wakaudhania kuwa ndiyo njia ya risasi, wakazidi kuufuata. Kosa hili ndilo linaloniuma kuliko yote: ugonjwa walioupanda wenyewe waliusoma kama ushahidi kwamba wako sahihi.

Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alileta mashine ya koili mbili inayovuma kwenye kipokea sauti ikikaribia chuma. Mara ya kwanza, mwishoni mwa Julai, nyaya zilikuwa zimeunganishwa vibaya. Tarehe 1 Agosti ilivuma karibu kila mahali, kwa kuwa chini ya mgonjwa kulikuwa na springi za chuma za godoro. Juu ya hayo, Bliss aliruhusu upande wa kulia tu upimwe.

Tumbo lilipokataa chakula, katikati ya Agosti wakaanza kumlisha kwa njia ya haja kubwa: mayai, supu ya ng'ombe na wiski. Utumbo mpana hunyonya maji na chumvi, lakini protini hauwezi kuimeng'enya. Mwili ukaisha, kutoka kilo 95 hivi hadi karibu 60. Septemba 6 walimhamishia Elberon, New Jersey, apate upepo wa bahari, na reli ikatandikwa hadi mlangoni. Alifariki tarehe 19, siku ya 79 tangu apigwe.

Walipompasua waliikuta risasi kushoto, imezungukwa na utando, imetulia. Ila waliona pia kwamba ateri ya wengu, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye wengu, iliyojeruhiwa na risasi hiyo, ilikuwa imepasuka na kumwaga damu tumboni. Kwa hiyo usiseme risasi haina hatia. Ninavyopima mimi, mtu mwenye nguvu zake huenda angestahimili jeraha lile, lakini aliyejaa usaha na kukonda vile hakuwa na akiba yoyote. Guiteau alijitetea mahakamani kwamba madaktari ndio walioua. Baraza la wazee wa mahakama halikumkubalia, akanyongwa tarehe 30 Juni 1882.

Pingili ile imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya tiba huko Maryland. Tundu lake linaonyesha wazi kwamba risasi ilikuwa inaelekea kushoto.

Mama yako