Kiwanja kipya Dodoma: usikimbilie greda

Ukinunua kiwanja Iyumbu, Nzuguni au Nala, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuita greda lisafishe. Mimi nasema subiri. Vile visiki vya migunga vilivyokatwa kwa ajili ya mkaa, vingi bado vina uhai, na mizizi yake imeshafika chini kuliko ya mche wowote utakaonunua barabarani. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, tena haba. Mche uliopandwa Machi unaingia kiangazi haujashika, halafu upepo wa Julai unaumalizia.

Wakulima wa mkoa huu wanaijua njia hii ya kukuza mti kutoka kwenye kisiki kwa jina la kisiki hai. Kisiki huchipua matawi kibao. Chagua machache yaliyonyooka, kata mengine, pogoa ya chini, kisha funga kitambaa cha rangi kali ili fundi asigeuze kuni. Mbuzi nao wanahitaji kuzuiwa. Kwangu miiba tuliyopogoa ndiyo iliyozungushiwa kisiki, na ilitosha. Upande wa mashariki usikate kabisa, maana upepo mwingi na vumbi hutokea huko.

Maji sasa. Watu wanatandika pevingi ua mzima, kisha wanalalamika mvua ikinyesha saa moja tu maji yanaingia sebuleni kwa jirani. Siku ya mvua kubwa chukua mwavuli, zunguka kiwanja, uone yanaingilia wapi na kutokea wapi. Pale yanapopita chimba makinga maji ya nusu duara, mdomo ukitazama mwinuko, na mti uwe ndani yake. Pevingi ziishie njia ya gari. Ukoka wa ua mzima, kwa mgao wa maji tunaoujua, mimi siushauri. Mwarobaini ni mvumilivu, ila uwe mbali na shimo la choo na mabomba.

Na usiishie kwenye ukuta wako. Omba kuona ramani ya mipango miji ya mtaa, utambue eneo la wazi liko wapi, maana likikaa tupu vibanda vinaanza kuota. Pelekeni ajenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mpande mikwaju na mizambarau, na kila nyumba ipewe mti wake wa kumwagilia Juni hadi Novemba. Hifadhi ya barabara iacheni. Siku ya kutanua njia, miti hiyo ndiyo ya kwanza kung'olewa.