Kwa nini update hurudisha 0 ilhali rekodi ipo

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini update (amri ya kubadili rekodi) ya Laravel, ule mfumo wa kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya PHP, ukiitumia kwa DB::table, inakurudishia 0 ilhali rekodi unaiona kwa macho yako kwenye jedwali. Yalinikuta hayo hayo nilipotengeneza mfumo wa kusajili wakulima wa chai kwa kituo kimoja cha Tukuyu.

Karani alikuwa akifungua fomu ya mkulima, akihakiki namba ya simu na kuikuta sahihi, kisha akibonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kubadili kitu. Update ikarudisha 0, na mfumo wangu ukaichukulia 0 hiyo kuwa rekodi haipo, ukamjibu kwamba mkulima huyo hayupo. Naye, kwa uaminifu wake, akamsajili upya. Nilipopanda Costa kutoka Mbeya kwenda kuangalia, nilimkuta mzee mmoja ana namba tatu za uanachama, na kilo zake za majani mabichi zimetawanyika katika zote tatu.

Nyaraka za Laravel zinasema kwamba fanksheni hiyo hurudisha idadi ya rekodi zilizoathiriwa, basi. Neno hilo “zilizoathiriwa” ndilo lililoniponza, kwa kuwa halisemi kama ni rekodi zilizokidhi sharti au zilizobadilika kweli. Jibu linatoka kwenye hifadhidata iliyo chini yake: MySQL, isipoelekezwa vingine, huhesabu zile tu ambazo thamani zake zimebadilika, ilhali PostgreSQL na SQLite huhesabu zote zilizokidhi sharti. Nami nilikuwa nikifanya majaribio kwa SQLite nyumbani, napata 1 kila mara, nikapeleka kazi kwenye seva yenye MySQL bila wasiwasi wowote. Waandishi wa Django, mfumo wa aina hiyohiyo kwa lugha ya Python, wamemtendea haki msomaji hapa: wanaeleza wazi kwamba update yao hurudisha rekodi zilizokidhi sharti, hata kama baadhi tayari zilikuwa na thamani hiyo mpya.

Kwa hiyo usiandike if (!$jibu), yaani kupima kile update ilichorudisha, ukadhani umenasa kosa, maana PHP huichukulia 0 kuwa si kweli; hitilafu halisi ya hifadhidata huja kama QueryException. Ukitaka kujua kama rekodi ipo, uliza kwanza kwa exists. Unaweza pia kuwasha PDO::MYSQL_ATTR_FOUND_ROWS katika config/database.php, ili MySQL nayo ihesabu rekodi zote zilizokidhi sharti, ila mimi niliiacha kwa sababu ripoti yangu moja ilitegemea hesabu ya mabadiliko. Na ukihamia Eloquent, njia nyingine ya Laravel ambayo kila rekodi huwa modeli, update ya modeli moja hurudisha kweli au si kweli, wala si idadi, ingawa jina ni lilelile.