Safari ya siku moja kutoka mjini: kabla ya kuchagua mahali, chagua upande na saa

Mkuu, umeuliza ni barabara gani zenye mandhari ambazo mtu anazifikia kwa saa mbili tatu akitoka jiji kubwa, akazunguka kutwa nzima na usiku akalala kwake. Umeshatajiwa majina mengi, na mimi nitaongeza machache. Ila safari hizi nazipenda mno na nimeziendesha miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba jina la barabara ni nusu ya jambo. Barabara ileile inaweza kukupa siku usiyoisahau, au ikakupa kutwa ya kutazama mkia wa lori huku jua likikuchoma macho. Kinachoamua ni unaipita ukielekea upande gani, na jua liko wapi ukifika.

Nianze na upande, kwa sababu ndio unaosahaulika zaidi. Chukua Chapman's Peak Drive ya Cape Town. Ni kilomita 9 tu kati ya Hout Bay na Noordhoek, ina kona 114, imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya Atlantiki, na ilifunguliwa mwaka 1922 baada ya kazi ya miaka 7. Afrika Kusini magari hupita kushoto. Ukitoka Hout Bay kwenda kusini, bahari inakuwa kulia kwako, kwa hiyo kati yako na maji kuna msururu wa magari yanayokuja. Ukianzia Noordhoek kurudi kaskazini, bahari iko kushoto, palepale dirishani kwa abiria. Ukitaka kusimama utazame, unaingia pembeni na kutoka bila kukatiza njia ya mtu. Ni kilomita zilezile 9, lakini ukiziendesha hivi unaziona vizuri zaidi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: penye kuendesha kushoto, bahari au bonde liwe kushoto, penye kuendesha kulia, liwe kulia. Baadhi ya barabara zinakupa hilo bila kuhangaika. Highway 1 ya California, ukitoka San Francisco kwenda kusini hadi Big Sur, bahari iko kulia na wewe uko kulia, na Daraja la Bixby la mwaka 1932 unalikuta ukiwa upande wa maji. Sydney kwenda kusini ni hivyohivyo kwa kushoto: unapita Royal National Park, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1879, kisha unatokea Sea Cliff Bridge, daraja la mita 665 linalopinda juu ya maji kando ya genge. Lilifunguliwa 2005 kwa sababu barabara ya zamani chini ya genge hilo ilikuwa ikiangukiwa na mawe mpaka ikafungwa. Nyingine zinadai upange. Ukitoka Napoli kwenda pwani ya Amalfi, anzia Sorrento uende mashariki kuelekea Vietri; ukianza upande wa pili utaitazama bahari kupitia madirisha ya mabasi.

Kuna watu hawapendi kimo. Kama mwenzako ni mmoja wao, geuza kanuni yote, mkumbatie mlima. Mandhari hayana raha kama mtu kafumba macho na kushika mpini wa mlango.

Sasa jua. Pwani inayotazama magharibi ni ya alasiri, na inayotazama mashariki ni ya asubuhi. Inaonekana wazi ukishaisoma, lakini watu wengi hupanga safari kwa kuangalia umbali tu. Chapman's Peak inataka saa mbili za mwisho kabla ya machweo, mwamba ule unapogeuka rangi ya kutu. Sea Cliff Bridge inataka ufike mapema, kwa sababu mchana ukisonga genge lenyewe linaitupia barabara kivuli.

Kwa mabonde, hesabu ni nyingine kidogo: unataka jua liwe mgongoni mwako, limulike kile unachokitazama. Mfano mzuri ni ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mai Mahiu, mwendo mfupi tu kutoka Nairobi. Pale umesimama kwenye ukuta wa mashariki unatazama magharibi. Asubuhi, jua likiwa nyuma yako, unauona mlima Longonot wa mita 2,776 na kila mkunjo wake, na sakafu ya bonde inaonekana kama mkeka ulioanikwa. Rudi mahali hapohapo saa kumi na moja jioni: jua linakupiga usoni, na bonde limebaki ukungu wa vumbi. Ila miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ukungu wa asubuhi huweza kufunika kila kitu, na hapo kusubiri hadi saa nne ni busara. Barabara ya chini inayoteremka pale ilijengwa na wafungwa wa vita wa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga liko kando ya barabara, na ni la kusimama hata kama una haraka.

Mimi nikiambiwa nichague aina moja tu ya barabara, nachagua inayopita juu ya mgongo wa milima, maana hiyo haina saa mbaya. Skyline Drive katika hifadhi ya Shenandoah, saa moja na nusu hivi kutoka Washington, inafuata mgongo wa milima ya Blue Ridge kwa kilomita 169, na sehemu za kusimama na kutazama ziko karibu 70. Asubuhi unasimama zile zinazotazama mashariki, jioni zinazotazama magharibi.

Barabara hiyohiyo inafundisha hesabu ya muda. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 56 kwa saa. Gawanya: saa tatu bila kusimama hata mara moja. Weka vituo kumi vya dakika kumi na tano, tayari ni saa tano na nusu, na hujala, na hujarudi mjini. Ndiyo maana barabara yoyote ya mandhari naihesabia wastani wa kilomita 40 kwa saa, na muda wa kutoka mjini nauhesabu peke yake. Toka kabla ya mapambazuko. Saa moja unayoipoteza kwenye foleni ya kutoka mjini inaondoka kwenye mwanga mzuri, hairudi.

Kingine: usirudi kwa njia uliyoendea kama kuna nyingine. Great Ocean Road karibu na Melbourne, iliyojengwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia kati ya 1919 na 1932, ina kilomita 243 kwa jumla, na kwa siku moja ni nyingi mno. Ningeishia Apollo Bay, kisha nipande msitu wa Otway kupitia Forrest hadi Colac, nirudi mjini kwa barabara kuu. Asubuhi bahari, mchana miti mirefu yenye ukungu, jioni lami iliyonyooka ya kukufikisha nyumbani ukiwa umechoka. Na hapa programu ya ramani lazima uisimamie, maana kazi yake ni kutafuta njia ya haraka, na itakutoa pwani bila kukuuliza. Weka vituo vya katikati mwenyewe, upakue ramani kabla ya kuondoka, kwa kuwa milimani mtandao hukatika.

Jambo linalonigusa zaidi ni miteremko. Mtu wa mjini amezoea breki za foleni, hajazoea kuteremka kilomita kumi mfululizo. Ukikanyaga breki muda wote, pedi zinapata moto na kupoteza mshiko; joto likizidi, mafuta ya breki yanachemka, na kanyagio linazama mpaka chini bila gari kusimama. Madereva wa malori husema gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia, na wana haki. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, injini ilishike gari, na breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie ipoe. Gari la otomatiki nalo lina gia ya chini, iliyoandikwa L, 2 au B, na ipo kwa kazi hii hasa. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama usubiri nusu saa. Usimwage maji kwenye diski za breki zikiwa na moto. Na penye njia nyembamba ya gari moja, mpishe anayepanda, kwa sababu kwake kuondoka tena mlimani ni kugumu kuliko kwako.

Abiria wakipata kichefuchefu, mara nyingi ni kwa sababu sikio la ndani linahisi kona ambazo macho yaliyozama kwenye simu hayazioni. Mhamishe aliyeathirika kiti cha mbele, atazame mbali. Na dereva aingie kona taratibu na kutoka taratibu.

Jioni usiichelewe barabara ya mlimani. Karibu na ikweta giza huingia ndani ya nusu saa hivi baada ya jua kuzama, na kabla ya hapo kuna ile saa ambayo jua linakupiga usoni kila ukigeukia magharibi. Kioo cha mbele kifute kwa ndani pia, kwani ule utando usiouona mchana ndio unaokupofusha wakati huo.

Mwisho, angalia kama barabara iko wazi asubuhi ileile unayoondoka. Barabara nzuri mara nyingi ni nzuri kwa sababu imechongwa mahali ambapo mlima bado unasogea. Chapman's Peak hufungwa kukiwa na hatari ya mawe kuporomoka, na Highway 1 ya Big Sur imekatwa na maporomoko ya ardhi mara kwa mara, moja mwaka 2017 likafukia kipande kizima.

Kwa safari yako ya kwanza ningetafuta mzunguko usiozidi kilomita 150 nje ya jiji, wenye pwani au mgongo wa mlima upande mmoja na barabara kuu upande wa kurudi, nijaze tangi kabla ya kupanda, na niende Jumanne au Jumatano kama kazi inaruhusu. Tuambie unatokea jiji gani, tukupangie na upande wa kuanzia.