Kabla ya kumng'oa mwenyekiti, andikeni kifaa ni cha nani

Wiki jana dada mmoja wa Kisumu aliniandikia. Wadhamini wa makumbusho yao ya kijiji wamegawanyika, mwenyekiti anataka kuwaingiza wanawe wawili kwenye kamati, na kila kikao kinaishia kelele. "Mwalimu, tumng'oe vipi?"

Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Sisi huku Bungoma tulimng'oa wetu, na ndivyo tulivyopoteza makumbusho.

Nilikuwa katibu, tukiwa wadhamini saba. Mzee mwenyekiti ndiye aliyetupa chumba, na karibu nusu ya vifaa vilitoka kwake: ngao, nyungu za busaa, kigoda cha babu yake. Hesabu za viingilio vya wanafunzi zilipoacha kueleweka tuliitisha kikao, akidi ikatimia, tukapiga kura, watano kwa wawili. Kumbukumbu niliandika mwenyewe, na mpaka leo najivunia kwamba hakuna aliyeweza kuzipinga.

Asubuhi yake pikapu ikaja ikabeba kila kitu. Chifu alipofika aliuliza jambo moja tu: "Mna karatasi ya kuonyesha aliwapa?" Hatukuwa nayo. Miaka sita nzima sikuwahi kuandika kama kifaa tumepewa kabisa au tumeazimwa. Kosa hilo ni langu na bado linaniuma. Pikapu ile ilibeba hata litungu, ala ya muziki ya nyuzi, la familia nyingine. Mwenyewe alipokuja kuliulizia, sikuwa na la kumwambia.

Nendeni Kitale mkajifunze. Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966, wasia wake uliacha mkusanyiko kwa taifa, pamoja na fedha za jengo jipya, na mwaka 1974 jengo hilo likafunguliwa. Alichokusudia kilikuwa kwenye maandishi, basi kifo chake hakikuleta pikapu.

Najua mtaniambia mmesajiliwa. Vizuri sana. Wadhamini wakisajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini ya Kenya (Trustees (Perpetual Succession) Act), Sura ya 164, mali hushikwa na chombo chenyewe, yaani bodi ya wadhamini, hata watu wakibadilika. Lakini chombo hakiwezi kushika ambacho hakikupewa! Kigoda kilichowekwa rafuni bila maneno ni cha aliyekileta, na ukoo wake utakifuata.

Kwa hiyo, dada, acheni kura kwanza. Nunueni daftari. Kila kifaa kiandikwe kimetoka kwa nani, lini, kimetolewa au kimeazimwa, na kikiazimwa kirudi lini. Mwenye kifaa atie sahihi, mtu wa ukoo wake ashuhudie. Anzeni na vifaa vya mwenyekiti sasa hivi, wakati bado mnasalimiana. Ardhi nayo vivyo hivyo: ulizeni hati miliki ina jina la nani. Akikataa kutia sahihi, mrudishieni vyake mchana, mbele ya wote, kimoja kimoja, mkihesabu. Hapo ndipo mpige kura yenu.