Barafu: hesabu mara ngapi ataingia

Wadogo zetu wa kibarazani, mtu wa Tanga hafundishwi tabia ya barafu. Aliyenunua kipande cha kuwekea samaki anajua ana muda gani kabla hakijawa maji. Sasa kwa nini kwenye Pokémon, mchezo wa video wa wanyama wanaopigana kwa zamu na kubadilishana uwanjani, mnaibeba kana kwamba itakaa hadi kesho? Kila timu yenu tunayoitazama ina mnyama wa Barafu, na kila mara anakufa kabla ya kurusha pigo la maana.

1. Jedwali la aina, lile la nani anamuumiza nani, mnalisoma upande mmoja. Mnakariri kwamba Barafu inaumiza mara mbili Majani, Ardhi, Ndege na Joka, mnashangilia, mnafunga daftari. Upande wa kupokea ndio wenye balaa: Moto, Ngumi, Mwamba na Chuma vyote vinaiumiza mara mbili, na katika aina 18 inayoipunguza ni moja tu, Barafu yenyewe. Kwa hiyo ukimpima mnyama wa Barafu, usianze na anaowapiga. Anza na swali hili: pambano likiisha, atakuwa ameingia uwanjani mara ngapi?

2. Avalugg. Hapa tukae, maana kosa hili lina umri na kila aliyewahi kupanga timu amelifanya. Anayekana ana kumbukumbu fupi.

Linaanza na namba. Avalugg ana Ulinzi 184 na damu 95. Mgeni akiona 184 macho yanamtoka, anasema huyu ni ukuta, nitamwingiza kila Garchomp, yule wa Joka na Ardhi, akipiga Earthquake. Mara ya kwanza inafanya kazi kweli, Garchomp anapiga na Avalugg hata hatikisiki. Tatizo ni kwamba mpinzani alishamwaga Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila anayeingia, zamu ya pili. Mawe hayo yanapima udhaifu kwa Mwamba: mnyama wa kawaida anapoteza asilimia 12.5 ya damu akiingia, mwenye udhaifu asilimia 25, mwenye udhaifu maradufu kama Articuno anapoteza nusu. Avalugg ni Barafu tupu, analipa 25. Aingie mara nne bila kupona, amekufa na hakuna aliyemgusa.

“Lakini ana Recover, pigo la kujiponya.” Anayo, na inarudisha nusu ya damu. Inakula pia zamu nzima, na zamu hiyo mpinzani hakai akikutazama: anamleta Gholdengo, wa Chuma na Mzimu. Hapo ndipo mgeni anagundua namba ya pili aliyoiruka, Ulinzi Maalumu 46. Make It Rain ya Gholdengo ni Chuma, ni pigo maalumu, lina nguvu 120. Theluji haikuokoi, kwa sababu toka matoleo ya Scarlet na Violet ya 2022 inaongeza Ulinzi wa Barafu kwa nusu, Ulinzi wa kawaida tu, ule ambao Avalugg alikuwa nao wa kumwaga. Basi mgeni anasema atafagia mawe kwa Rapid Spin. Gholdengo ni Mzimu, Rapid Spin ni pigo la aina ya Kawaida, inampita kama upepo. Defog ya mwenzake kwenye timu, pigo jingine la kufagia mawe, nayo haifui dafu mbele yake. Mnaona mtego ulivyofungwa? Mnyama mmoja kaziba milango yote, na mgeni bado anatazama 184.

Mvisheni Avalugg buti za Heavy-Duty Boots na mawe hayamgusi. Mkumbuke tu kwamba pigo la Knock Off linavua buti, na baada ya hapo ushuru wa asilimia 25 unarudi palepale.

3. Waja leo waondoka leo. Barafu nzuri ni ile yenye kazi ya safari moja au mbili. Ninetales wa Alola anafungua pambano kabla mawe hayajamwagwa, theluji inaanguka yenyewe kwa kipaji chake cha Snow Warning, anaweka Aurora Veil, pazia la kupunguza maumivu ya timu, kazi imeisha. Akifa hamna msiba. Pazia linakaa zamu 5, au 8 akishika kifaa cha Light Clay, na halidondoki theluji ikikoma. Akikutana na Chuma atoke mbio, yeye ni Barafu na Kichawi pamoja, inampiga mara nne.

4. Mamoswine ndiye tunayempenda, na hatuoni aibu. Ardhi yake inafuta udhaifu wa Mwamba, analipa 12.5 tu. Mpeni kipaji cha Thick Fat, Moto unamuumiza kawaida tu, si mara mbili. Spidi yake 80 haimfikii Garchomp mwenye 102, ila pigo lake la Ice Shard linatangulia: nguvu 40, mara 1.5 kwa kuwa ni aina yake, mara 4 kwa Garchomp, inafika 240. Kwa Dragonite, Joka na Ndege, mwenye Multiscale, ngao inayopunguza pigo akiwa na damu kamili, tumieni Icicle Spear inayopiga mara kadhaa, ngao inavunjika pigo la kwanza na yanayofuata yanaingia kamili. Ila kabla ya kubonyeza ulizeni kama mpinzani bado ana Terastal, nguvu ya kubadili aina ya mnyama. Dragonite akigeuka Chuma, mara nne yenu inakuwa nusu, nanyi mtabaki mmekodoa macho kama mliokosa basi la mwisho la Dar.

5. Mkitaka pigo la Barafu tu, chukueni mwili wa Maji wenye Ice Beam. Haipati nyongeza ya aina, lakini 90 mara nne inatosha kumlaza Salamence, naye Joka na Ndege, na mwenyewe mawe yanamgharimu 12.5.

6. Blizzard bila theluji inapata shabaha asilimia 70. Anayewaambia ni 90 anasoma matoleo ya mwanzo, Red na Blue. Huyohuyo atawaambia Moto haupunguzi Barafu, na ilikuwa kweli mpaka Gold na Silver zikabadilisha.

7. Kuganda kwa Ice Beam ni asilimia 10. Ikitokea chekeni, lakini msiipangie timu.