Ukiambiwa ujiondoe kwa sababu ya ulivyo, usiinuke

Wiki hii binti anayesoma sheria mwaka wa tatu ameniandikia: "Dada Wakili, natamani sana kuwa jaji, ila kwetu hakuna wa kunishika mkono. Nianzie wapi?" Tangu tuliposhinda ile rufaa ya mama wa kiwanja, nitakayoisimulia hapa chini, maswali kama haya hayakauki kwenye simu yangu. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo nalijibu hapa.

Mdogo wangu, mimi mwalimu wangu ni Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho Marekani, yaani za serikali kuu, si za majimbo. Alizaliwa mwaka 1921 New Haven, Connecticut, kwa wazazi waliotoka kisiwa cha Nevis. Baba yake alipikia vilabu vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, ada ya chuo haikuwepo. Akiwa msichana alisimama kwenye mkutano wa kituo cha jamii akasema wazi kwamba watu weusi hawakitumii kwa sababu hawana sauti katika kukiendesha. Tajiri aliyechangia ujenzi wake, Clarence Blakeslee, alikuwemo ukumbini. Hakununa, alimlipia masomo mpaka akamaliza sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946. Umeona mkono wa kushikwa ulipotokea? Alisema kweli mbele ya mwenye fedha.

Akiwa bado mwanafunzi aliingia ofisi ya Thurgood Marshall, wakili mweusi aliyepigania haki za weusi mahakamani, yuleyule aliyewasaidia Wakenya kuandaa haki za raia kwa ajili ya katiba yao, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1960. Kwa Marshall, Motley alifanya kazi ambayo wengi wenu hamuitaki: kuandaa hati za madai na kusafiri kusini mwa Marekani kwenye mahakama zisizomtaka. Alimpigania James Meredith, kijana mweusi, aingie Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha weupe tu, mwaka 1962. Kwenye ukumbi wa mahakama mjini Jackson, ukutani nyuma ya kiti cha jaji, palikuwa na picha kubwa ya watu weusi wakichuma pamba. Alihoji mashahidi akiitazama picha hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani alipeleka hoja katika kesi 10, akashinda 9.

Ujaji ulikuja mwaka 1966. Kule jaji wa shirikisho haombi kazi kwa tangazo: Rais anateua, Seneti inathibitisha, na ukishaapa ni kwa maisha. Rais Johnson alimteua Januari, kwenye mahakama ya shirikisho ya New York. Seneta James Eastland wa Mississippi akamwekea ngumu, lakini Motley akathibitishwa mwisho wa Agosti.

Sasa tulia hapa. Mwaka 1975 aliletewa kesi ya mwanasheria wa kike aliyeishtaki kampuni kubwa ya mawakili New York kwa ubaguzi wa kijinsia. Upande wa kampuni ukamtaka ajiondoe: ni mwanamke, tena amewahi kutetea waliobaguliwa. Akakataa. Alieleza kwamba kama jinsia, rangi au historia ya mtu inatosha kumwondoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kuisikiliza, maana kila mmoja ana jinsia na rangi yake.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilikuwa na kidonda kibichi. Kampuni niliyofanyia kazi zamani ilitaka kuninyang'anya jalada la mama mmoja aliyefukuzwa na mashemeji kwenye kiwanja cha marehemu mumewe. Mkubwa wangu aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe umelelewa na mjane, utatanguliza moyo." Bado naisikia sauti yake. Nikamjibu, "Na wewe kaka mkubwa, uliyerithi mashamba ya baba yako, utatanguliza nini?" Chumba kizima kilinyamaza. Jalada nilibaki nalo, kazi nikaipoteza baadaye, na yule mama akanifuata ofisini kwangu, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Baraza la ardhi tulishindwa. Mahakama Kuu tumeshinda, na mwezi uliopita amerudi kwenye kiwanja chake. Najivunia, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, mabinti, msiombe radhi kwa mlikotoka. Tatizo la kizazi hiki ni kutaka joho kabla ya majalada. Hapa kwetu Tanzania Katiba inadai miaka isiyopungua 10 ya sifa za kisheria kabla ya Mahakama Kuu. Itumieni kutetea watu, si kutafuta wakubwa wa kuwasalimia. Motley alikalia kiti chake hadi alipofariki mwaka 2005, na kabla ya hapo aliongoza mahakama ile kama jaji mkuu wake. Fanya kazi, sema kweli, usijiondoe. Narudia: usijiondoe.

Na wewe uliyeniandikia, likizo hii nenda baraza la ardhi la wilaya yako. Kaa benchi la nyuma siku nzima, andika hoja za kila upande na uamuzi ambao wewe ungetoa, kisha unitumie. Nitausoma wote.