Kabla hujanunua tiketi ya Ryanair, jua unafuu wake unatoka wapi

Rafiki zangu wanaojiandaa kuzunguka Ulaya huniuliza kama nauli za Ryanair, shirika la ndege la bei nafuu la Ireland, ni mtego. Nawajibu kwamba si mtego, ila ni biashara ya watu wanaohesabu kila senti, na abiria naye inabidi ahesabu.

Shirika lilianza 1985 na ndege ndogo ya viti 15 kati ya Waterford, Ireland, na Gatwick, London. Mwaka uliofuata likaingia njia ya Dublin hadi Luton kwa pauni 99, nauli iliyoyatikisa mashirika makubwa yaliyozoea kujipangia bei. Abiria walijaa, faida ikakosekana. Ndipo Tony Ryan, mmoja wa waanzilishi, alipomtuma Michael O'Leary, aliyekuja kuwa bosi wa shirika, aende Texas akaone Southwest, shirika la ndege la bei nafuu la Marekani, wanavyofanya. Akarudi na mambo machache: aina moja ya ndege, hakuna chakula cha bure, na ndege isikae chini, maana ikiwa chini haiingizi pesa. Soko la anga la Umoja wa Ulaya lilipofunguliwa kikamilifu 1997, shirika la Ireland likaweza kubeba abiria hata kati ya miji miwili ya Italia. Siku hizi linabeba watu takriban milioni 200 kwa mwaka.

Sasa tuje kwako. Ndege hupangiwa kama dakika 25 tu uwanjani: hawa washuke, wale wapande, iondoke. Ndiyo maana lango hufungwa dakika 20 kabla ya muda wa kuondoka, na hakuna atakayekusubiri. Mimi huenda kuliona lango kwanza, kahawa baadaye.

Kiwanja nacho kiangalie kwenye ramani, usiamini jina. Beauvais huuzwa kama Paris, lakini iko karibu kilomita 80 kutoka mjini. Hahn ilikuwa ikiitwa Frankfurt, nayo iko kilomita 120 hivi. Viwanja vya pembeni hutoza mashirika kidogo, na tofauti hiyo unailipa wewe kwenye basi. Ukitua usiku wakati basi la mwisho limeshaondoka, teksi inaweza kuzidi nauli ya ndege. Jumlisha vyote kabla ya kusema umepata bei nzuri.

Mzigo ulipie siku unayonunua tiketi, kwa sababu ukilipia uwanjani bei hupanda vibaya. Au safiri na begi dogo la kuingia chini ya kiti, kama nifanyavyo. (O'Leary aliwahi kusema hadharani anafikiria kutoza hata choo. Choo bado ni bure.)

Kuunganisha safari kwa tiketi mbili tofauti sikushauri, labda ulale mjini katikati. Shirika moja la bei nafuu lilinichelewesha nikakosa ndege ya pili, na tiketi hiyo ikapotea yote.

Wengi hudhani tiketi ya bei ndogo haina haki. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, ukifika ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika, safari isiyozidi kilomita 1,500 ina fidia ya euro 250, hata kama nauli ilikuwa euro 15. Fomu iko kwenye tovuti ya shirika. Jaza mwenyewe, mawakala wanaojitolea kukudaia hukata sehemu yao kwanza.